Bakuli Lenye Mfuniko

Katonga, Kigoma
8 Aprili 2023

Mdogo wangu Yunisi,

Mwakeye, kwa Kiha chetu. Pokea salamu nyingi kutoka hapa Katonga, na Pasaka njema ya kesho. Natumaini hujambo, Jeremia na wadogo zake ni wazima, na mama mguu wake umepata nafuu. Mimi nipo. Nikikuambia ni mzima kabisa nitakuwa nimekudanganya tangu mwanzo, na karatasi hii nimeishika ili niache kukudanganya.

Najua namba yangu umeifunga. Nimepiga na kupiga mpaka nikaionea haya simu yenyewe. Kwa hiyo barua nampa Nasri, ataileta na boti yake kutoka Kibirizi. Sasa ni mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, wavuvi wamepumzika, vichanja vya dagaa vitupu, nami sina kisingizio cha kazi.

Yunisi, mimi nina homa ya ini, ile B. Nilijulishwa mwaka juzi mwezi wa tisa, nilipokwenda kumtolea damu mke wa kaka yangu, damu yangu wakaikataa. Ini limeshaanza kuwa na makovu. Nameza kidonge kimoja kila siku na nitakimeza miaka mingi. Mhudumu aliyenipa majibu alikuwa na foleni ndefu nyuma yangu. Aliniambia nisichangie vitu vyangu na watu, akataja wembe na mswaki. Sahani na kikombe niliviongeza mwenyewe, njiani nikirudi nyumbani. Sikurudi kuuliza. Nilikuwa na hofu ya kuulizwa kwa nini nauliza.

Kesho yake nikaja kazini na lile bakuli langu lenye mfuniko, nikakaa pembeni ya sinia, nikasema tumbo linanisumbua. Nilifikiri nakuokoa. Wiki hiyohiyo Mama Feliksi akaanza kutapika, watu wakaanza kunong'ona nani alisonga ugali, na aliyekuwa akisonga kila siku ni wewe. Mimi nilikuwa nimezama kwenye hofu yangu, sikuona bakuli langu linawaambia watu nini. Ulipoondoka nikajidanganya kwamba umemfuata mama kwenu Kagunga.

Kilichonifumbua macho utacheka ukikisikia. Rozalia wangu, si unajua ni nesi Mwanza, bakuli nilimficha hata yeye, ila aliona mawazo yananimaliza kuliko ugonjwa. Silali. Akaniandikisha kwenye darasa la mtandaoni la watu wenye ini kama langu. Kila Jumanne na Ijumaa saa nane mchana nafungua simu tunakutana watu thelathini na kitu: mzee mmoja wa Tabora, mama wa Pemba mwenye wajukuu wasiotulia, mwalimu wa Songea anayetafuta mtandao juu ya kichuguu. Anayetufundisha anaitwa Happiness. Tunapumua, tunanyoosha viungo taratibu, tunajifunza kulala, na kusema yanayotusumbua. Siku ya kwanza tu alituambia pumzi haiponyi ini na kidonge kiko palepale, ila hofu nayo ni mzigo, na huo tunaweza kuutua.

Siku moja akasema tufumbe macho tujione tuko ufukweni, kimya, mawimbi yanakuja polepole. Nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini. Ufukweni! Mimi ufukwe ndiyo ofisi yangu, na una Mama Feliksi anayefukuza kuku kwenye dagaa kwa matusi ya Kiha. Nikamwambia wenzangu waende ufukweni, mimi nitabaki kitandani.

Ijumaa ya wiki iliyopita alikuja Daktari Anatoli kujibu maswali. Mama wa Pemba akauliza kama anaruhusiwa kula na wajukuu sahani moja. Daktari akasema kula pamoja hakuambukizi, kikombe hakiambukizi, kukumbatiana hakuambukizi. Nilizima kamera nikalia mpaka darasa likaisha. Mwaka mzima na nusu nimekula peke yangu kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, na wewe umeondoka kwa ajili hiyohiyo. Kazi ya nyumbani tuliyopewa ni kuandika jambo tulilolificha kwa sababu ya ugonjwa. Wenzangu waliandika mistari miwili mitatu. Mimi niliandika kurasa tatu, zote bakuli.

Nisamehe, Yunisi. Sikukudhania ubaya hata siku moja.

Dada yako,
Honorata


Kagunga
6 Mei 2023

Kwa Honorata,

Salamu. Hapa tu wazima. Mama anatembea na fimbo mpaka kanisani na kurudi, anakusalimu. Pole kwa ugonjwa. Hiyo pole inatoka moyoni, usiitilie shaka.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu na zaidi. Mara ya kwanza niliisoma nusu nikaitupa kwenye kuni, mama akaiokota. Mara ya pili niliimaliza.

Sasa nisikilize na mimi. Unasema uliogopa kuniambukiza. Unajua mimi nilipata nini? Siku tatu baada ya bakuli lako Klementina naye akaja na sahani yake. Kesho yake wawili wengine. Siku ya sita nilisonga ugali wa watu wanane nikaula peke yangu, nao wameketi palepale wanasema hawana njaa. Hakuna aliyelitamka neno sumu. Hawakuwa na haja. Wewe uliyekula mkononi mwangu tangu tuna meno ya utoto, ulipofunika bakuli lako, kwao ilikuwa imetosha. Mama Feliksi akapona, ikajulikana ni vidonda vya tumbo, na bado hakuna aliyerudi kwenye sinia langu. Nilisubiri wiki mbili. Nilisubiri hasa uje wewe. Kisha nikachukua mwiko wangu nikapanda boti. Miaka kumi na minne ya Katonga, nikaondoka na mwiko.

Huku Kagunga wanajua nilirudi kwa ajili ya mama. Sijui nitasema hivyo mpaka lini.

Unaniomba msamaha kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Mimi niliaibishwa mchana, mbele za watu. Kama kweli kilichokuzuia ni ini lako na si mkono wangu, waambie wao. Hapohapo kwenye sinia. Ukishawaambia, niandikie. Kabla ya hapo usimsumbue Nasri.

Mama Jeremia


Katonga
9 Mei 2023

Mdogo wangu Yunisi,

Salamu kwako na kwa mama. Nashukuru aliiokota barua kwenye kuni. Sisi hapa hatujambo, joto limepungua, dagaa wanapatikana kidogo kidogo.

Uliniambia nisimsumbue Nasri. Nimemsumbua, maana kuna jambo haliwezi kungoja mpaka nipate ujasiri.

Kuhusu ujasiri, nikuambie kweli: sina. Uliyoniandikia ni haki yako, kila neno. Jana saa saba niliketi nao nikiwa nimeyapanga yote mdomoni. Klementina akanipisha nikae, nikafungua mdomo, nikaomba chumvi. Yunisi, nikisema nina homa ya ini, nani atanunua dagaa niliowagusa? Hawa ni watu waliokuacha wewe kwa bakuli tu. Mimi watanifanyaje wakiwa na jina la ugonjwa kabisa? Mwalimu Happiness ametufundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Nimevuta nikatoa mpaka kichwa kikawa chepesi, na maneno hayakutoka.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa iliyopita Daktari Anatoli alirudi darasani, akasema chakula hakiambukizi, ila damu inaambukiza. Kujamiiana, mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, sindano, na wembe. Aliposema wembe nilijiangalia mkono.

Unakumbuka nyuma ya shule, sisi wawili na wembe wa mjomba wako, tukachanjana tuwe ndugu kama tulivyosikia wakubwa walivyofanya zamani? Nilianza mimi, ukafuata wewe, wembe uleule, tukagusanisha. Bibi yako alitucharaza akasema kwa kukua pamoja udugu tayari tunao, damu ya nini. Nilimwuliza daktari faragha. Akasema wengi hupata kirusi hiki utotoni na hukaa nacho miaka bila dalili yoyote. Labda nilikuwa nacho tayari siku ile. Labda nilikupa mimi.

Nenda ukapime. Nikasirikie utakavyo, lakini nenda. Ikiwa unacho kijulikane mapema, kidonge kipo. Ikiwa huna, kuna chanjo. Sitalala vizuri mpaka nijue, na hilo hakuna darasa litakalonisaidia.

Dada yako,
Honorata


Katonga
5 Juni 2023

Mdogo wangu Yunisi,

Salamu nyingi. Natumaini mama na watoto hawajambo. Ni karibu mwezi sasa sijapata neno lako. Kila boti ikifika Kibirizi namuuliza Nasri, naye sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijamfikia, ili kuniokolea mwendo. Sijui umepima, sijui hutaki, sijui umelala. Naandika hivyohivyo.

Nimewaambia.

Sikuwaambia kwa ushujaa, usije ukanisifu. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe ishirini na sita. Darasa langu huwa nalifuata stoo, nimetandika kanga kati ya magunia. Siku hiyo tulichelewa kuanika dagaa, chakula kikapakuliwa saa nane kasoro, na nikawaza: nikienda stoo leo, nitakwenda stoo mpaka nife. Nikaiegemeza simu kwenye kreti tupu, sauti juu kabisa, katikati ya watu saba na sinia la samaki wa migebuka kwa mawese. Mwalimu Happiness akasema, "Karibu Mama Rozalia, leo uko na wageni?" Nikasema, "Ndiyo, na kuna jambo nataka kuwaambia wageni wangu, nyinyi mnishikilie."

Nikawaambia nina homa ya ini B. Nikawaambia lile bakuli lilikuwa la kuwakinga nyinyi dhidi yangu, si la kunikinga mimi dhidi ya Yunisi. Nikawaambia Yunisi mnayemjua alisonga ugali wetu miaka kumi na minne, na sisi tulimfukuza kwa macho tu, na wa kwanza kufanya hivyo ni mimi.

Klementina aliutoa mkono wake kwenye sinia, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana. Nilimwona.

Daktari Anatoli alikuwepo siku hiyo. Akauliza, "Kuna mwenye swali huko Katonga?" Klementina akasogea kwenye simu akapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya ziwa: "Na mate je? Akinirushia mate akiongea? Anaongea sana huyu!" Darasa zima likacheka, mpaka mzee wa Tabora asiyecheka. Daktari akaeleza yote upya, damu ni damu na ugali ni ugali, na kwamba kila mmoja wetu angefanya vizuri kwenda kupima, maana wenye ugonjwa huu wengi hawajijui. Hapo wakatazamana.

Aliyeanza kusema ni Mama Feliksi. Aliniuliza, "Kwa hiyo Mama Jeremia tulimwonea?" Nikasema tulimwonea. Akasema, "Mimi ndiye niliyetapika, na sikuwahi kusimama niseme ni vidonda vyangu. Niliona tu watu wanaamini, nikaacha." Akakata kipande cha mgebuka, upande wa mgongo penye mnofu, akakisukuma mbele yangu. Nikatia mkono. Sijui ladha ilikuwaje, nilikuwa nalia.

Halafu Mwalimu Happiness akasema sote tupumue pamoja, nne ndani, sita nje. Ungetuona! Wanawake wanane wenye magamba mikononi wamefumba macho juu ya sinia, na kuku nao wakaona nafasi wakavamia vichanja. Tulipoteza nusu kapu la dagaa.

Usidhani yote yamenyooka. Klementina alikula kwenye sahani yake siku tisa nyingine. Mteja wangu mmoja wa mjini hajarudi. Lakini wanne wameshakwenda kupima, na mmoja, sitamtaja, amekutwa nacho. Alikuja stoo kwangu Jumanne, nikamsogezea kanga tukaketi wawili mbele ya simu.

Mimi nimefanyiwa vipimo vya mwaka, damu na picha ya ini. Nangoja majibu. Lakini ninayoyangoja zaidi ni yako.

Dada yako,
Honorata


Kagunga
4 Julai 2023

Dada Honorata,

Salamu nyingi sana. Mama hajambo, Jeremia amepata kazi ya fundi upande wa pili wa kijiji, sote wazima. Na wewe vipi afya? Majibu yametoka? Nijibu hilo kwanza kabla hujaniandikia vituko vyako.

Habari za sinia nilizipata kabla ya barua yako. Mama mmoja aliyeshuka kwenye boti alimhadithia mwingine hapa ufukweni, mimi nikiwa nimewapa mgongo naosha sufuria: mwanamke wa Katonga amewalisha wenzake daktari kwenye simu. Nikajua ni wewe, nani mwingine. Kisha akanitafuta mjumbe wa Mama Feliksi, na salamu, na maneno ya kuomba radhi ambayo siyaandiki, yamekaa vizuri yalipo. Niliosha sufuria ile mara tatu.

Unaniuliza kwa nini nilinyamaza. Kwanza hasira. Halafu hasira ikaisha, ikabaki hofu, na hofu sikuwa nimeizoea. Nilikuwa naangalia ile alama mkononi kila nikifua. Nilikuwa nawaza pia, dada, kwamba pengine ni mimi niliyekupa wewe. Wembe ulikuwa wa kwetu. Daktari wako alisema hilo haliwezekani? Hakusema. Basi tusilibebe, wewe wala mimi. Tulikuwa watoto, na tulitaka kuwa ndugu.

Tarehe kumi na tisa mwezi uliopita nilikuja Kigoma kupima. Sikukuambia. Wakaniambia nirudi baada ya siku mbili kwa majibu, nikalala kwa binamu yangu Ujiji. Siku ya pili nilishindwa kukaa, nikaja Katonga. Nilisimama kule wanakoegesha pikipiki, nimejifunika kanga mpaka puani. Ilikuwa saa saba na kitu. Nilikuona. Mkono wako ulikuwa ndani ya sinia, umeketi kati ya Mama Feliksi na Klementina, na Klementina sahani yake sikuiona. Bakuli lako nalo nililitafuta kwa macho, halikuwepo.

Nilitaka kuja. Lakini nilijiambia, si kabla ya majibu, nisije nikakuletea kilio mbele ya chakula.

Nikiwa kwenye benchi nangoja kuitwa nilivuta nne nikatoa sita, kama ulivyoandika. Haikusaidia. Nikarudia. Ikasaidia kidogo. Yule mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama nina pumu.

Sina, dada. Si pumu, si homa ya ini. Sina kabisa. Nilimwuliza nesi mara mbili, mara ya tatu akanionyesha karatasi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikanunua maandazi manne nikayala yote.

Palepale wamenichoma chanjo ya kwanza. Ya pili ni baada ya mwezi, ya tatu Desemba. Nitakuja Katonga tarehe ishirini na mbili ya mwezi huu, mchana. Waambie wasipike. Ugali nasonga mimi, kwa mwiko wangu. Atakayekula ale, asiyetaka asile, ila mkono wa kwanza nataka uwe wako.

Namba yako nimeifungua. Usipige lakini, mtandao huku unakatika na wewe una maneno mengi. Endelea kuandika.

Mdogo wako,
Yunisi


Katonga
3 Agosti 2023

Mdogo wangu Yunisi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto. Natumaini ulifika salama na ziwa halikuwasumbua. Sisi huku wazima, na safari hii neno hilo naliandika bila kusita.

Uliniuliza majibu, na siku ile ulipokuja, kwa vicheko vile, sikupata nafasi ya kukueleza vizuri. Makovu ya ini hayajaongezeka. Kirusi kwenye damu kimeshuka mpaka kipimo hakikioni. Daktari amesema kidonge kinaendelea, na vipimo vinaendelea, ila nilale usingizi. Nimelala. Juzi nimelala mpaka saa mbili asubuhi, Mama Feliksi akaja kugonga akidhani nimekufa.

Darasani nimewasimulia ulivyokuja. Mwalimu Happiness aliniuliza, nikifumba macho sasa najiona wapi. Nikamwambia ufukweni. Wote wakacheka kwa sababu wanakumbuka nilivyoukataa. Nikamwambia si ufukwe wenu ule wa kimya, ni huu wangu: ugali wa watu tisa, mtu wa Kagunga anasonga kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anatukana kuni, na Klementina ndiye wa pili kutia mkono na wa kwanza kuomba nyongeza.

Bakuli sasa ni la kuku, wananywea maji. Mfuniko sijui uko wapi.

Kingine kidogo. Umeacha mwiko wako hapa, umening'inia kwenye msumari wake wa zamani nyuma ya mlango wa stoo. Nasri alitaka kukuletea, nikamwambia auache. Mtu aliyeondoka nao mara ya kwanza kwa hasira vile hawezi kuusahau hivihivi. Tutautumia mpaka Desemba, na wewe njoo uuone kama tumeutunza.

Dada yako,
Honorata